Barua Yenye Ukingo Mweusi

Wifi yangu ana shahada ya uzamivu. Walioipa jina hilo walijua wanachosema, maana mtu anazama kweli, miaka nenda miaka rudi, na waliomzamisha hawana habari na kuibuka kwake. Yeye alizama kwenye kompyuta za kwanta. Alipoibuka walimvisha joho na kofia ya pembe nne, wakampiga picha, kisha wakamrudisha kwenye chumba kile kile cha chini ya ardhi, kiti kile kile, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Zamani alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, sasa anaitwa mtafiti wa baada ya uzamivu. Mimi naona ni tusi, mtu mzima kuitwa kwa jina la kitu alichokwisha kukimaliza. Yeye husema ndivyo wanavyoitwa dunia nzima, kana kwamba dunia nzima ikikosea inakuwa imepatia.

Mimi ni dada wa mumewe. Tunaishi ua mmoja, wao nyumba ya mbele, mimi vyumba viwili vya nyuma. Nina duka la chapa mkabala na geti la hospitali. Natoa nakala, natengeneza kadi na mihuri, ila kinachoniweka mjini ni wafiwa. Wanavuka barabara kutoka chumba cha maiti, macho mekundu, wanataka wasifu wa marehemu wa kusomwa mazikoni, na hawajui waanzie wapi. Mimi najua. Nimewaandika walevi wakawa wacheshi waliopenda watu. Nimewaandika wagomvi wakawa watu wasiovumilia dhuluma. Hajarudi hata mmoja kulalamika, na wahusika wenyewe ndio kabisa.

Kazi ya wifi nilikwenda kuitazama mara moja, siku niliyompelekea funguo alizosahau. Unashuka ngazi, unapita chumba cha pampu zinazonguruma, unafika mahali ambapo masufuria ya shaba yananing'inia kutoka darini, moja chini ya jingine, yamefungwa nyaya kila upande. Hilo ndilo friji lao. Akaniambia ndani yake kuna baridi ambayo hata nje ya dunia, kule kwenye nyota, haipo. Na yote hayo ni kwa ajili ya kidude kidogo kuliko ukucha wangu, ambacho ndicho kinachopiga hesabu. Kidude chenyewe kina madeko ya mtoto wa mwisho: ukikohoa kinakosea, pakiingia joto kidogo kinasahau kilichokuwa kinahesabu. Kazi ya wifi ni kuandika programu za kukamata makosa hayo na kuyasahihisha.

Nikamwambia si aangalie tu namba iliyoandikwa mle ndani aone kama ni sahihi. Akasema haiwezekani, ukiitazama tu inaharibika. Basi mnasahihishaje kitu msichokisoma? Akafikiri kidogo, akasema wanawauliza majirani. Wanakiuliza kidude hiki na cha pembeni yake kama wanakubaliana, bila kuuliza wanakubaliana kuhusu nini, na kutoka hapo wanajua aliyekosea ni nani. Nikamwambia hiyo siyo sayansi, ni umbea. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki iliyofuata alilitumia neno langu mbele ya wenzake na akasema limetoka kwa wifi yake, hakujifanya ni lake. Huyo ndiye yeye.

Sasa Profesa. Profesa ndiye mkuu wa maabara hiyo, na simfahamu mtu mwenye nafasi nyingi kumzidi. Ana nafasi chuoni, ana nafasi kwenye kamati hii na bodi ile, ana kiti cha mbele kwenye kila mkutano ambao neno kwanta linatajwa. Ukimfuata mlangoni, neno lake ni moja: sina nafasi. Programu ina tatizo, hana nafasi. Mwanafunzi ametelekezwa na tasnifu yake mwaka mzima, hana nafasi. Wifi alianza kusoma kazi za wanafunzi hao yeye mwenyewe, sura hadi sura, na Profesa akabaki kusoma ukurasa wa shukrani kuona kama ametajwa.

Na kwa kuwa hana nafasi, wameweka mtindo wao pale. Ukiomba kazi mahali, unatakiwa barua ya mapendekezo kutoka kwa mkubwa wako, aeleze wewe ni mtu wa namna gani. Profesa anakujibu, "Andika mwenyewe, uniletee nitie sahihi." Eti ni kawaida. Halafu kwenye fomu ya maombi kuna kisanduku cha kuthibitisha kwamba barua hiyo ni ya siri na wewe mwombaji hujaiona. Wanatia alama, wote, watu wenye shahada mpaka hazina pa kutundikwa.

Miaka miwili iliyopita taasisi mpya ya kwanta, ng'ambo ya mji, ilitangaza nafasi ambayo watu wa fani hiyo huiota: utafiti wa miaka mitano, mashine yako, wanafunzi wako, na jina lako juu ya mlango. Wifi akaomba. Akaomba pia mwenzake mmoja tuliyekuwa tukimwita Tai, kwa sababu alikuwa anavaa tai hata kwenye chumba cha pampu, mahali ambapo kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kukuvuta. Tai alikuwa debe, na debe tupu haliachi kuvuma. Profesa akamwambia wifi aandike barua yake mwenyewe, na kwa kuwa ana mkono mzuri, aandike na ya Tai.

Akaziandika zote mbili mezani kwangu dukani. Ya Tai aliiandika kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga, akilichekecha kila jambo jema alilowahi kumwona nalo, akaliosha, akaling'arisha. Kumsifu mwingine haoni haya. Ya kwake ilikuwa mistari sita. Ni mtu mwenye bidii na adabu, anaelewana na wenzake, anajua mipaka yake. Nilipoisoma, tayari zilikuwa zimetiwa sahihi na kutumwa. Nikamwambia hiyo ni barua ya kumwombea mtu ulinzi wa geti, na huyo mlinzi pia wangemtilia shaka.

Alinijibu kwa methali, maana mama yake alimlea hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia chema chajiuza sokoni, ambako watu wanakishika na kukinusa. Kwenye kamati hakuna anayekinusa, wanasoma bango. 

Tai akapata. Wifi akapata barua pepe kwamba kamati inatambua bidii na adabu yake, lakini ilikuwa inatafuta mtu ambaye upeo wake unavuka mipaka. Walimrudishia maneno yake mwenyewe. Na huyo Tai, huko kwenye mashine yake, mpaka leo anampigia wifi simu kuuliza programu inawaulizaje majirani.

Mwaka huu nafasi ya pili ikatangazwa, na hapo ndipo maji yalipofika shingoni. Taasisi hiyo ina sharti kwamba mwombaji asiwe amepita miaka sita tangu atunukiwe uzamivu, kana kwamba elimu ni maziwa. Kwa wifi ulikuwa mwaka wa mwisho. Huku nako mradi wa Profesa ulikuwa unafungwa, na mkataba usingeongezwa tena. Kampuni moja ya michezo ya kubahatisha ilikuwa imeshampigia simu mara mbili, ikimtaka awaandikie programu za kuwafanya watu wabashiri mechi usiku kucha. Kaka yangu, mumewe, ambaye anafundisha udereva na ana subira ya watu wa kazi hiyo, alimwambia achague atakalo, yeye yuko naye. Lakini mimi nilimwona wifi anavyoikunja ile karatasi yenye namba ya kampuni na kuikunjua. Akienda kule, asingerudi. Hakuna anayerudi kwenye kwanta baada ya miaka ya kubashiri mechi.

Profesa alisema lile lile. Andika, ulete.

Jumamosi mchana akaja dukani na flashi yenye faili la barua yake, nimchapie. Nikafungua. Ni mtu mwenye bidii na adabu. Niliona giza. Nilikuwa nimetoka kumwandika marehemu mmoja ambaye ndugu zake wenyewe walikuwa wakikonyezana wakati nauliza mema yake, na bado alikuwa amepata kurasa mbili. Nikamwambia wifi akae pale kwenye benchi la wateja, asizungumze, na nikafuta mistari yake yote.

Niliandika ninayoyajua kwa kuishi naye. Kwamba programu yake inatumiwa na maabara za mbali ambazo barua zao za shukrani huenda kwa Profesa, ingawa hilo la shukrani sikuliandika. Kwamba friji lilipoanza kuvuja na mafundi wakasema lisubiri miezi, yeye ndiye aliyepapasa bomba hadi bomba akaupata ufa, na mradi haukusimama. Kwamba hakuwahi kuita kazi ya mwenzake ya kwake. Kwamba ukimpa swali hasemi analijua, analala nalo, analiamkia, na akikupa jibu unaweza kulijengea nyumba. Sikupiga chuku. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka lile nilikuwa naandika wasifu bila kusema uongo, na vidole vyangu havikuzoea.

Ila niliandika kwa namna ninayoijua mimi. Nilifungua faili la siku zote, lenye vitone mahali pa jina na ukingo mweusi pembeni, nikachapa kwenye karatasi nzito. Wala sikufikiri, hata vile vitone sikuvijaza jina. Wifi akaichukua, akasoma mstari wa kwanza, akaigeuza kifudifudi juu ya kaunta. Akasema ataona aibu, atasoma baadaye. Hakusoma. Mtu ambaye anakula kwa kukamata makosa alipeleka barua ya maisha yake bila kuitazama, kwa sababu ilikuwa inamsifu yeye.

Yaliyotokea Jumatatu alinisimulia mwenyewe. Alimkuta Profesa ofisini anaongea na simu, kalamu tayari mkononi imeshavuliwa kifuniko, kama kawaida yake. Akaweka barua mezani. Profesa akashusha kalamu kwenye pembe ya chini, pale pa sahihi, halafu akauona ukingo mweusi. Akaiweka kalamu chini. Akamwambia wa kwenye simu kwamba atampigia baadaye, akavaa miwani, akasoma.

Wifi anasema katika miaka yote ile hakuwahi kumwona akisoma ukurasa hadi mwisho. Taarifa za utafiti hazijawahi kumtoa kwenye simu, tasnifu hazijawahi, lakini habari ya kifo mtu huisoma. Na barua yangu, kutoka juu hadi chini, ilikuwa imejaa alikuwa, alipenda, hakuwahi, alitegemewa. Alipomaliza akavua miwani na kumtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kumpa.

"Pole sana," akasema. "Alikuwa wa fani yetu kabisa. Mbona hatukumjua?"

Wifi hakuelewa. Profesa akarudi kwenye karatasi, akaupitia ule mstari wa kazi ya mwenzake kwa kidole, akatikisa kichwa. Akasema watu wa namna hii ni wachache na ndio wanaoondoka mapema, na kwamba mtu kama huyu angemtafutia nafasi yeye mwenyewe, bila hata kuombwa. Akauliza mazishi ni lini.

"Ni mimi, Profesa," wifi akamwambia. "Ni ile barua ya mapendekezo."

Pampu zilikuwa zinasikika kutoka chini. Profesa akaigeuza karatasi kutazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta pa kuyaweka macho. Angeweza kuomba radhi, angeweza hata kucheka. Alichosema ni hiki:

"Punguza kidogo. Watu hawaandikwi hivi wakiwa hai."

Akamrudishia barua bila sahihi.

Alikuja moja kwa moja dukani. Nilikuwa na mteja, mzee aliyefiwa na mkewe, nikamwomba radhi anisubiri nje kidogo. Wifi alinisimulia amesimama, mkoba bado begani, mara anacheka mara anafuta machozi, na mimi nilikuwa natafuta cha kuvunja kwenye duka langu mwenyewe nisikione.

"Alisikitika kweli, wifi," akaniambia. "Nusura anipe rambirambi yangu mwenyewe."

Sitaki kusema uongo, kosa la ukingo lilikuwa langu, na alikuwa na haki ya kunisema. Hakunisema. Alichotaka ni tukae tupunguze, kama alivyoambiwa. Tuirudishe bidii na adabu, tuweke na neno juhudi. Hapo ndipo nilipomkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Profesa. Nilimwambia watu wanamvisha Tai kilemba cha ukoka na Tai anatembea nacho kichwa juu, yeye anapewa haki yake anaivua. Nilimwambia kila siku naandika mema ya watu ambao hawatayasoma, na mzee aliyesimama pale nje angetoa chochote kile mkewe ayasikie hata mistari miwili. Sijui kama ni kwa ajili ya mzee yule, lakini alikaa.

Nikamwambia asome kwa sauti, mstari kwa mstari, na akifika kwenye uongo anisimamishe. Alisoma kama mtu anayemeza dawa chungu. Kwenye friji akasita, nikamuuliza si kweli? Akasema ni kweli, akaendelea. Kwenye maabara za mbali akanong'ona, nikamwambia nisikie. Alinisimamisha mara moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba ana subira na kila mtu.

"Na Tai sina," akasema.

Tukaitoa hiyo. Kisha nikabadilisha kila alikuwa ikawa ni, kila alipenda ikawa anapenda. Nikaondoa ukingo. Pale penye vitone nikaandika jina lake kamili, lenye Daktari mbele, kwa herufi nene. Halafu nikamwita mzee wa watu, nikamwandikia mkewe, naye sikumwongezea.

Kesho yake wifi akarudi ofisini. Profesa alikuwa kwenye simu. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akauliza kama amepunguza. Wifi akasema amepunguza, na ilikuwa kweli, tulipunguza sentensi moja. Karatasi ilikuwa nyeupe pembe zote nne, kwa hiyo hakuisoma. Akatia sahihi, akaendelea na simu. Wifi akaenda kwenye ile fomu, akatia alama kisanduku cha kuthibitisha kwamba barua ni ya siri na yeye hajaiona.

Akaitwa kwenye usaili. Wakamuuliza habari za ufa wa bomba, akawaeleza. Wakamuuliza habari za majirani, akawaeleza mpaka wakasahau saa. Nafasi akaipata. Sikulia, ila nilifunga duka mapema, na si kawaida yangu.

Mwenyekiti wa kamati alimwandikia Profesa kumpongeza kwa jicho lake la kutambua vipaji, akasema hajawahi kusoma barua iliyomfahamu mtu kwa undani namna ile. Profesa akaichapa pongezi hiyo na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa maabara. Kuanzia hapo akawa anawaambia wageni kwamba alimwona binti huyo tangu siku ya kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, husema watu, lakini pale kwao anayetunzwa ni mwenye ukumbi.

Wiki ya mwisho wakapanga kumuaga. Wifi alikuwa dukani kwangu, ananisaidia kukata kadi, simu yake ikaita. Ilikuwa juu ya kaunta, akabonyeza sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na gundi. Profesa alikuwa na haraka. Akasema kwamba kwenye shughuli ya Ijumaa atatoa hotuba fupi juu yake, mchango wake, tabia yake, mambo kama hayo, sasa amwandikie tu ukurasa mmoja, aulete, yeye atausoma.

Nilikuwa nimeshageukia kompyuta. Lile faili lenye ukingo nilikuwa nalo, na safari hii nilikuwa najua ninachofanya. Wifi akautazama mkono wangu juu ya kipanya, akatikisa kichwa taratibu, akaiinamia simu.

"Samahani, Profesa," akasema, kwa adabu ile ile ambayo kamati iliwahi kuitambua. "Sina nafasi."